Fundi uliyenikazia bushi za nyuma za Altezza gari ikining'inia kwenye jeki, uzi huu ni wako

Wakuu, salamu zitakuja baadaye, kwanza nitoe hasira.

Nina Altezza RS200 ya 2001, ile ya injini ya 3S na gia sita za kukanyaga klachi. Najua humu kuna watu wataanza "gari la wahuni hilo, uza uchukue IST". Msinianze. Nimeinunua kwa jasho langu na naipenda hivyo hivyo na matatizo yake.

Mwezi wa pili mkia ulianza kucheza. Ukishapita Kibaha unaelekea Chalinze, unahama njia ili ulipite lori, mbele imeshanyooka lakini nyuma inakuja kwa wakati wake, kama umekokota trela. Ukikanyaga mafuta kwenye taa unasikia ko! Tairi zote mbili za nyuma zimelika upande wa ndani mpaka nyuzi zinachungulia, nje bado zina kashata za kutosha. Nikaingia uvunguni na tochi, nakuta bushi, ile mipira ya kwenye maungio ya mikono inayoshika tairi, zimepasuka magaga kama kisigino. Sikushangaa. Mpira una zaidi ya miaka 20, na matuta yetu mnayajua.

Wenye IST nyuma wana bushi mbili tu, wanamaliza kazi kabla ya chai kupoa. Altezza kila upande una mkono wa juu, mikono miwili ya chini na fimbo inayokwenda mbele, na kila kimoja kina mipira yake. Nikazunguka maduka ya spea Gerezani kutwa nzima. Bushi, ufundi na alaimenti (kunyoosha tairi) vikala laki sita na ushee.

Siku ya kazi nilikuwepo, ila nilijibanza kibanda cha chipsi badala ya kusimama pale pale. Nyundo niliisikia. Bushi inasukumwa kwa presi, taratibu, ikiwa imenyooka. Fundi wangu anaibamiza kwa nyundo na kipande cha bomba. Bolti zenye kamu za kurekebishia tairi kazifungua bila kuweka hata alama ya chaki. Hayo yote ningemsamehe, maana alaimenti ingefuata.

Gari iliposhushwa, nyuma imeinuka karibu vidole viwili. Jamaa anatabasamu: "Umeona, bosi wangu? Bushi mpya hizo, gari imesimama." Na mimi zuzu nikampa na hela ya soda.

Miezi mitatu! Ko ikarudi, mkia ukarudi, tairi nilizonunua zimeanza kulika tena kwa ndani. Namfuata fundi, ananiambia nilimletea bushi feki. Naenda dukani, naambiwa mzigo ukishafungwa haurudi, muulize fundi wako kaufungaje. Wiki mbili napigwa danadana kama mpira wa chandimu.

Ikabidi nimpelekee mzee mmoja Tabata, fundi wa zamani asiyependa maneno mengi. Akashusha mikono, akaipanga chini kwenye gunia, akaniita. "Njoo uone, mwanangu." Kila bushi imechanika mwezi mchanga, na zote zimechanikia upande ule ule, kulia na kushoto kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Akasema zingekuwa feki kila moja ingekufa kivyake. Hizi zimenyongwa.

Akanieleza, na ndipo damu ilipochemka. Bushi ya mpira haizunguki. Ndani ina bomba dogo la chuma, nje lingine, mpira umegandishwa katikati. Ukikaza bolti, bomba la ndani linabanwa, haliendi popote. Mkono ukipanda na kushuka ni mpira unaojipinda kidogo huku, kidogo kule, kuanzia pale ulipokaziwa. Sasa huyu kakaza gari ikiwa juu ya jeki, miguu inaning'inia kama ya kuku sokoni. Ukishusha, mikono inapanda, mpira umeshapindwa kabla hata hujawasha gari. Unalala umenyongwa, unaamka umenyongwa, ukikuta tuta unanyongwa zaidi. Na ule mkia ulioinuka niliotolea hela ya soda? Ni bushi zilizojipinda, zinasaidia springi kubeba gari!

Dawa yake nini? Unafunga bolti kwa mkono, unashusha gari ikanyage kwa matairi, unaitikisa mara mbili tatu ikae, NDIYO unakaza. Hakuna shimo la kuingilia uvunguni? Weka jeki ya pili chini ya mkono mpaka bodi ianze kunyanyuka, kaza hapo. Sasa kinachoniuma: gereji ya yule fundi wa kwanza ina SHIMO. Hatua sita kutoka pale alipokuwa ameinama! Dakika kumi tu. Kaniunguzia laki sita kwa uvivu wa dakika kumi.

Nimerudi kumweleza, akajibu ana miaka kumi na tano kwenye hii kazi na hajawahi kulalamikiwa. Kaka, wateja wako wote wanadhani walinunua feki!

NYONGEZA: Nimeona mnaniambia niweke bushi za poliyurethani niachane na mipira. Ni kweli zile zinazunguka kwenye bomba lake, hata ukikazia hewani hazinyongwi. Ila ni ngumu, zinataka grisi, zikikauka zinalia kama kitanda cha gesti, na barabara ya ndani kwangu ni kokoto. Mgongo ni wangu.

Kwa hiyo natafuta mikono kamili ya nyuma ya SXE10 (ndiyo kodi ya bodi ya Altezza yangu), mtumba wa Japani, mipira yake iwe hai. Mwenye nayo anicheki kwa ujumbe, bei tutaelewana, ila nitakuja na tochi.

Na wewe fundi, kama unasoma humu, spana yangu ya tairi bado iko kwako. Naifuata Jumamosi.