MREJESHO: Bangili ya shaba na magoti ya mama

Wakuu, niliuliza kama bangili ya shaba au ya sumaku ingepunguza maumivu ya magoti ya mama. Asanteni wote mliojibu. Ya shaba ameivaa: mkono umepata alama ya kijani, magoti yakabaki vilevile. (Haivui, anasema inampendeza.) Mdau aliyetaja utafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, wa 2013 alikuwa sahihi: wagonjwa 70 wa baridi yabisi walizijaribu zote mbili, hazikuonyesha nafuu ya maana kuliko za bandia. Kilichosaidia ni ushauri wa mazoezi ya kukaza misuli ya paja, tuliyofundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia, pamoja na jeli ya diclofenac (dawa ya maumivu ya kupaka). Sokoni anakwenda mwenyewe sasa. Ngazi bado zinamtesa.