Ukumbi wa mazoezi umetupiga marufuku chaki ya mikononi, kisha ukatuletea chaki ya ubaoni

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimevumilia kwa wiki tatu na sasa uvumilivu umekwisha. Ukumbi ninaofanyia mazoezi hapa Dar es Salaam, ambao sitautaja jina, umebandika tangazo mlangoni kwamba ni marufuku kwa mwanachama yeyote kupaka chaki mikononi anaponyanyua vyuma, na kwamba atakayekutwa nayo atanyang'anywa. Sababu iliyotolewa ni moja tu: unga unachafua sakafu.

Anayelijua fukuto la mji huu ataelewa hasira yangu. Ukumbi wetu una feni mbili, moja imekufa tangu mwaka jana, na ifikapo saa kumi na mbili jioni jasho linatiririka kutoka kwenye kiwiko hadi kiganjani kabla hujagusa chochote. Katika dedilifti, yaani kunyanyua chuma kutoka sakafuni hadi usimame wima, mgongo na mapaja huwa bado yana nguvu wakati vidole vimeshashindwa. Chuma chenyewe kina unene wa takriban milimita 28 na kimechongwa michirizi midogo ili ngozi iking'ang'anie, lakini michirizi hiyo haina faida yoyote ikiwa kati yake na ngozi kuna utando wa jasho. Kazi ya chaki ni kuufyonza utando huo. Si gundi, wala si urembo wa kujionyesha kama alivyonieleza msimamizi mbele ya watu.

Jumanne ya wiki iliyopita nilikuwa na kilo 150. Mnyanyuo wa kwanza ulikwenda vizuri, wa pili ukawa mzito, na katika wa tatu, nikiwa nimeshavuka magoti, nilihisi chuma kikijiviringisha polepole kutoka kiganjani kuelekea ncha za vidole vya mkono wa kulia, huku mkono wa kushoto ukiwa bado umeshika. Kiliponiponyoka kiliondoka na kipande cha ngozi chini ya kidole cha pete, ukubwa wa punje ya harage, na mwili mzima ukapinda upande mmoja. Nashukuru Mungu kwamba ni ngozi tu iliyochanika na si msuli wa mgongo.

Nilipokwenda kulalamika niliambiwa ninunue glavu, ambazo kwa bahati zinauzwa hapohapo kaunta. Glavu zinaongeza unene wa kitu unachokishika, kwa hiyo vidole vinafunga kwa shida zaidi, na ndani yake mkono unaendelea kutoa jasho uleule. Kanuni za shirikisho la kimataifa la pawalifti (mchezo wa kunyanyua vyuma ambao dedilifti ni sehemu yake), IPF, zinaruhusu chaki na zinakataza mikanda ya kuufunga mkono kwenye chuma. Katika Olimpiki kila mtu ameona wanyanyua uzito wakipita kwenye bakuli la chaki kabla ya kupanda jukwaani. Je, hao nao wanachafua sakafu?

Kilichonifanya niandike uzi huu, hata hivyo, ni jambo la juzi. Baada ya wanachama kadhaa kuungana nami, msimamizi alileta kopo la unga mweupe akasema ametusikiliza. Nikachovya mkono wa kushoto, ambao ni mzima, na mara moja nikajua kuna tatizo: unga ulikuwa mzito, una chengachenga, na ulipokutana na jasho ukawa uji unaoteleza kuliko jasho lenyewe. Alikuwa ametwanga chaki za ubaoni. Nilipomuuliza akanijibu, "Chaki ni chaki, kaka."

Si kweli. Chaki ya kunyanyulia ni magnesiamu kaboneti, unga mwepesi sana unaofyonza unyevu na kuiacha ngozi ikiwa kavu. Chaki ya ubaoni kwa kawaida ni jasi au chokaa, na imetengenezwa iandike. Mtu anayekusanya ada za watu wanaobeba kilo mia na zaidi juu ya miguu yao anapaswa kulijua hilo, au angalau kuuliza kabla ya kutuwekea kopo.

Nakiri kwamba wapo wenzetu wanaokosea: wanapiga makofi hadi wingu linafunika kioo, wanaondoka bila kufuta chuma, na yupo mwenzetu mwenye pumu ambaye ana haki ya kulalamika. Lakini dawa zake zipo. Kuna chaki ya majimaji, iliyochanganywa na spiriti, ambayo hukauka mkononi kwa muda mfupi bila vumbi. Kuna kuifunga chaki katika mfuko wa kitambaa ili itoke kidogokidogo, maana hata ikizidi inatelezesha. Kuna brashi ngumu ya nailoni ya kusugulia chuma baada ya zamu, ambayo nilijitolea kuinunua kwa pesa yangu na mpaka leo sijajibiwa.

Ninachodai ni tangazo liondolewe, au nirudishiwe ada ya miezi minne iliyobaki, kwani nilipolipa chaki ilikuwa inaruhusiwa. Na kama kuna anayejua ukumbi wenye chuma cha maana kati ya Ubungo na Kinondoni ambako chaki haijapigwa marufuku, naomba anielekeze hapa.