Magitaa na ampu (amplifaya) zangu hizi hapa, leteni na zenu. Pia msaada: ampu ya 120V na unyevu wa pwani

Solo_Kigamboni
Wakuu, salaam. Uzi huu tuutumie kuoneshana vyombo, ila tusiishie kwenye picha. Kila mtu aandike chombo chake kiko katika hali gani na kimesetiwa vipi, maana gitaa linaweza kung'aa pichani huku shingo imepinda.

Naanza mimi. Picha ya 1 ni Stratocaster ya Mexico, nyuzi 10-46 (unene kwa elfu za inchi), briji (panapokalia nyuzi mwilini) nimeilaza kabisa kwenye ubao kwa springi tano ili uzi mmoja ukikatika katikati ya sebene nyingine zisitoke tuni. Picha ya 2 ni Yamaha Pacifica 112, ya 3 ni Epiphone Les Paul, ya 4 ni gitaa kavu, Yamaha FG800. Upande wa ampu kuna Roland JC-120 ya 230V, na Fender Deluxe Reverb ya valvu (taa za kioo zinazokuza sauti) iliyokuja kwenye kontena kutoka Marekani. Hiyo sijaiwasha. Bamba la nyuma limeandikwa 120V, 60 Hz.

Naomba msaada kwa mambo mawili. Kwanza, hiyo Deluxe niilishe umeme vipi bila kuiunguza? Pili, chumba kipo jirani na bahari na kipimo cha unyevu kinasoma asilimia 78. Nyuzi za FG800 zimepanda: uzi wa sita uko milimita 3.5 juu ya freti (kijichuma cha shingoni) ya 12. Nikaze fimbo ya shingo (chuma kilicho ndani ya shingo)?

FundiValvu
Mkuu, hongera kwa kutoiwasha. Ingeingia moja kwa moja kwenye 230V, fyuzi ingekatika ukiwa na bahati. Bila bahati ingekufa transfoma ya umeme.

Tafuta stepdauni (transfoma ya kushusha volti) ya wati 500. Ampu yenyewe haili kiasi hicho, lakini namba zinazoandikwa kwenye stepdauni za bei rahisi mara nyingi ni za kilele, si za kufanya kazi saa nne mfululizo. Nyingi zinatoa 110V, na hilo si tatizo. Filamenti za valvu (nyuzi za ndani za kuzipasha joto) zinataka 6.3V, ukiingiza 110 badala ya 120 zinapata kama 5.8V, bado zimo ndani ya asilimia 10 inayovumilika. Tatizo ni umeme wa mtaani ukishuka. Ukutani pakisoma 200V, stepdauni itatoa kama 96V na filamenti zitabaki na 5.0V. Hapo valvu zinafanya kazi zikiwa baridi, sauti inalegea na zinachoka mapema. Kwa hiyo stabilaiza ikae kabla ya stepdauni.

Sasa hiyo 60 Hz usiipuuze. Stepdauni inabadilisha volti, masafa yanabaki 50 Hz kama kawaida yetu. Transfoma iliyotengenezwa kwa 60 Hz peke yake, ukiilisha 120V kwa 50 Hz, kiini chake cha chuma kinabeba mzigo wa sumaku sawa na kulishwa 144V kwao. Inavuma na inapata joto. Kama bamba lingesema 50/60 Hz ungelala usingizi. La kwako limesema 60 tu, basi stepdauni ya 110V ni bora kuliko ya 120V, na baada ya nusu saa gusa kifuniko cha transfoma, ampu ikiwa imezimwa na plagi imechomolewa. Kama mkono hauwezi kukaa sekunde tano, acha kuitumia na uweke transfoma ya umeme yenye praimari (upande wa kuingizia umeme) ya 230V/50 Hz. Hiyo ndiyo tiba ya kudumu. Siku utakapoiweka, badilisha na fyuzi: volti zikikaribia kuwa mara mbili, ampea zinapungua nusu. Fyuzi ya 2A inakuwa 1A, ile ya kuchelewa kukatika.

Jambo la mwisho kwenye umeme, na ndilo linaloua watu: ethi (waya wa ardhini). Stepdauni nyingi zina tundu la pini mbili upande wa kutokea, na adapta za sokoni nazo zinaikata ethi. Bodi ya ampu ikiwa na umeme, ukishika nyuzi na mdomo ukagusa maiki, mwili wako ndio unakuwa waya. Kila kitu kikiwa kimechomolewa ukutani, weka multimita kwenye omu, ncha moja kwenye chuma cha ampu na nyingine kwenye pini ya ethi ya plagi inayoingia ukutani. Isome chini ya omu 1. Isiposoma, usipige.

RizimMbili
Naongezea kwenye kuiwasha mara ya kwanza. Funga balbu ya nyuzi ya wati 100 (si LED) kwa mfululizo kwenye waya wa laivu, kabla ya stepdauni, ndani ya boksi lililofunikwa. Toa valvu zote, lakini spika iache imeunganishwa. Washa. Balbu ikimulika kidogo kisha ikafifia, transfoma ni nzima. Ikibaki inawaka sana, kuna shoti, zima. Hapo ndipo urudishe valvu, uwashe tena ukizitazama. Bati la ndani la 6V6 likianza kuwa jekundu, zima papo hapo: bayasi (volti inayozuia valvu isipitishe mkondo kupita kiasi) imekufa au haikusetiwa.

Na usiwashe ampu ya valvu bila spika hata kwa dakika moja. Ile Deluxe inataka omu 8. Ikikosa mzigo, volti zinapanda ndani ya transfoma ya kutokea hadi insulesheni inatoboka.

Besi_Nyali
Ndugu yangu wa Kigamboni, hata huku Mombasa ni yale yale. Fimbo ya shingo iache kwanza. Fimbo inarekebisha mpindo wa shingo, haikuwekwa kwa ajili ya kushusha nyuzi, na wengi wanaharibu magitaa hapo.

Pima hivi: bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya 1 na ile ambapo shingo inaungana na mwili, kisha tazama uwazi juu ya freti ya 7. Ukiwa milimita 0.25 hivi, shingo haina kosa. Naamini ndivyo utakavyokuta. Kilichopanda ni tumbo: ubao wa juu wa FG800 ni sprusi nzima (mbao halisi, si plaiwudi), umekunywa maji ya hewa na kuvimba nyuma ya briji. Weka rula iliyonyooka nyuma ya briji utaona inayumba.

Dawa yake ni kulikausha polepole. Gitaa linataka unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Liweke kwenye kesi ngumu inayofunga vizuri pamoja na silika jeli yenye rangi, gramu 150 kwa kuanzia, kwenye mfuko wa kitambaa usiogusa vanishi, na kipimo kidogo cha unyevu humo humo. Jeli ikibadilika rangi, ioke kwenye oveni nyuzijoto 120 za Selsiasi kwa saa mbili tatu, itumie tena. Vile vipakiti vya kusawazisha unyevu vya asilimia 49 vinasifiwa sana na watu wa nchi kavu. Kwa hewa yetu vinajaa mapema na ni ghali. Mchele usiweke kabisa, unaleta vumbi na fukusi.

Lipe wiki mbili, upime tena freti ya 12. Likirudi karibu milimita 2.5, umemaliza. Lisiporudi, ndipo upunguze mfupa wa briji kwa msasa kutoka chini, ukijua kwamba kushusha milimita 1 kwenye freti ya 12 kunataka kutoa milimita 2 kwenye mfupa. Usianze na msasa, kwa sababu gitaa likikauka baadaye nyuzi zitapiga kelele kwenye freti na mfupa utakuwa umeshaisha.

Magitaa ya umeme hayavimbi namna hiyo. Adui yao ni chumvi. Angalia vile viskrubu vidogo vya kupandisha sadeli (vipande vya briji vinavyobeba nyuzi) kwenye Strat, vikishika kutu havitoki. Tone la mafuta ya kulainisha kutu kila moja, subiri usiku mzima, kisha tumia alenki (ufunguo wa pembe sita) ya saizi kamili: za Kimarekani ni inchi 0.050, nyingi za Asia ni milimita 1.5. Zinakaribiana kiasi kwamba isiyo sahihi inaingia, halafu inakula kichwa.

Solo_Kigamboni
Nashukuruni sana. Nimepima shingo: 0.25 kamili, na rula inayumba nyuma ya briji. FG800 inaingia kwenye kesi leo. Swali la nyongeza: kwa bendi ya dansi yenye tarumbeta mbili na drams, gitaa la solo lipite Deluxe na la rizim lipite JC-120, au kinyume chake?

RizimMbili
Deluxe ni wati 22. Karibu na drams itaanza kukwaruza kabla haijasikika, na solo ya dansi inataka ilie safi kama kengele. Mimi ningeipa solo JC-120. Deluxe uipe rizim, ukiiwekea maiki na kuacha volyumu kwenye 3 au 4.

Ila JC-120 ina siri moja ambayo mafundi mitambo wengi hawaijui. Ukiwasha korasi, spika moja inatoa sauti kavu na nyingine inatoa ile inayoyumba. Korasi yenyewe inazaliwa hewani, pale sauti mbili zinapokutana. Fundi akiweka maiki moja mbele ya spika moja, ukumbi unasikia ama gitaa kavu ama gitaa linaloyumba kama limetoka tuni. Ziwe maiki mbili, kila spika na yake. Maiki ikiwa moja tu, zima korasi ya ampu na utumie pedali.

FundiValvu
Nakubaliana naye. Na kama ukumbi unatumia jenereta au inveta, pima kabla ya kuchomeka. Jenereta isiyo na mzigo inaweza kutoa 250V na zaidi, kisha ikashuka taa na muziki vikiwashwa, kwa hiyo pima vyote vikiwa vinafanya kazi. Inveta iwe ya sain wevu safi (mawimbi laini ya umeme). Zile za mawimbi ya ngazi zinaifanya transfoma ivume, na mvumo huo unatokea kwenye spika hata gitaa likiwa limechomolewa.