Naomba ushauri: hadithi ya Wamaya ambayo mtoto anachagua njia mwenyewe

Habari zenu wakuu. Naandika hadithi ya watoto wa miaka 9 hadi 12, msomaji anajichagulia njia: ukipanda ngazi, fungua ukurasa wa 14, ukiingia msituni, wa 22. Inatokea Tikal, mji wa kale katika Guatemala ya leo, Amerika ya Kati, enzi za Wamaya, wenyeji walioujenga. Mlango mmoja hufunguka ukisoma namba zao: nukta ni 1, mstari ni 5, ganda la kombe la baharini ni sifuri. Binti yangu alizichora sakafuni kwa chaki hadi akaitwa kula mara tatu!

Nimekwama kwenye uwanja wa mpira wa Wamaya. Mchezo ule wakati mwingine uliambatana na kafara za watu. Nikificha, nawadanganya watoto. Nikieleza, naogopa kuwatisha. Wazazi na walimu, ninyi mngeliandikaje?