Mjadala: Mtu akishusha nguzo ndefu za zege, aruhusiwe kujenga kwenye mteremko unaomomonyoka?

Wakuu habari za jioni, naomba tulijadili hili hasa sisi wa Mbeya, Kyela na Iringa. Masika ikianza watu wanarudia ileile, kwamba tusihamishwe mteremkoni, mwenye uwezo ashushe nguzo mpaka kwenye mwamba aachwe ajenge, mbona Ulaya wanajenga juu ya magenge, yaani kingo zenye mwinuko mkali kando ya bahari. Mimi napinga.

Nguzo ya kawaida inapigiwa hesabu ya mzigo unaoshuka wima. Sasa udongo ukianza kuteleza unaisukuma kwa ubavu, na kama haina nondo za kuhimili hilo inakatika palepale udongo unaotembea unapopakana na ule uliotulia. Hata ikishika, udongo wa mbele unaweza kuondoka ukabaki na nyumba inaning'inia huku jirani wa chini kafukiwa.

Na hao Ulaya, Juni 1993 hoteli ya Holbeck Hall pale Scarborough, Uingereza, iliharibika kabisa baada ya genge kuporomoka, tani kama milioni moja za udongo, na maji ya mvua yaliyojaa ndani ya udongo yalichangia sana, siyo mawimbi tu.

Kwetu tuna Itezi jijini Mbeya, Aprili 2024, tope lilishuka toka mlima Kawetire likafukia nyumba na shule. Lilitoka JUU jamani, nguzo chini ya sakafu ingezuia nini? Halafu udongo wa milima ya huku Mbeya mwingi ni wa majivu ya volkano, unakunywa maji sana na ukishiba unalegea, kwa hiyo adui wa kwanza ni maji.

Sisemi nguzo hazifai. Zikipangwa safu kukatiza mteremko wenyewe, zikapita chini ya pale udongo unapotelezea, juu kukawa na mitaro na ndani mabomba ya kutoa maji, zinasaidia kweli, ila hiyo ni kazi ya halmashauri na mainjinia kwa mtaa mzima, mtu na kiwanja chake haiwezi. Na kwa wa Matema, kando ya Ziwa Nyasa, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ukingo wa ziwa, haijasema isipokuwa mwenye nguzo.

Kinachoniuma ni kwamba wengi wanaojenga huko juu siyo wakaidi, viwanja vya tambarare vimewashinda bei. Ukimhamisha mtu bila kumpa kiwanja atarudi kulekule mvua ikikata, kwa hiyo wanaosema "bomoeni tu" nao siwaungi mkono, wapimiwe viwanja kwanza.

Anayetetea nguzo aje na majibu mawili: maji yanayoshuka toka juu atayapeleka wapi, na nyumba ya jirani wa chini ikifukiwa nani atalipa? Mainjinia wa udongo mliopo humu karibuni sana.