Naomba ushauri: nitaje maeneo zinakoota okidi au nifiche?

Wakuu, habari zenu. Mimi ni mtafiti wa mimea, nashughulika na okidi za asili (mimea ya maua) huku Makete, kusini mwa Tanzania, kwenye mbuga za majani nje ya Hifadhi ya Kitulo. Adui mkubwa ni biashara ya chikanda, chakula cha viazi vya okidi: watu wanachimba viazi vya okidi za jamii za Disa, Satyrium na Habenaria, vinavushwa kwenda Zambia, vinatwangwa na kupikwa na karanga. Mmea una viazi viwili, cha zamani kilichonywea na kipya kigumu cha msimu ujao. Mchimbaji anataka kile kigumu, basi mwakani hakuna ua. Kuotesha mbegu nako ni kazi: ni laini kama vumbi, hazina akiba ya chakula, porini zinategemea kuvu.

Sasa wafadhili wanataka ripoti yenye ramani kamili. Nikiiweka wazi, si ndiyo nimewachorea njia madalali? Nikificha, kijiji kitatengaje eneo la kuzihifadhi? Tena wanaozijua okidi kuliko wote ni wachimbaji wenyewe, na wana watoto wa kusomesha. Nafikiria kuwaajiri kama walinzi. Aliyewahi kufanya hivyo, malipo mlipangaje hela ya mradi ilipokwisha?