Mrejesho: Dawa ya kutoa rangi kwenye Cessna, Tanga

Wadau, salaam. Niliwauliza tutumie dawa gani kutoa rangi ya zamani kwenye ndege ndogo aina ya Cessna 172 hapa Tanga: ile kali ya methilini kloraidi au ile ya pombe ya benzili. Tulichukua ya pili. Ile kali inamenya haraka kweli, ila ukivuta mvuke wake mwili unaugeuza kuwa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, na banda letu halina hata feni. Marekani waliizuia kuuzwa kwa matumizi ya nyumbani tangu 2019.

Ya benzili inataka subira. Joto la huku lilikuwa linaikausha kabla haijafanya kazi, mpaka fundi mkuu akaifunika kwa nailoni na kuiacha usiku kucha. Asubuhi rangi imetoka malengelenge, inakwanguka kwa kipande cha plastiki tu. Brashi ya waya, mzee hataki hata kuiona: inachimba alumini, na chembe za chuma zikibaki pale kutu inaanza.

Vioo vya akriliki tulivifunika kwa foili. Ncha za mabawa ni faibaglasi, hizo ni msasa tu, dawa inazila.

Aliyesisitiza tuoshe kwa maji mengi kwenye maungio na ribiti, ahsante sana. Uji uliotoka humo, jamani! Na kwa upepo huu wa chumvi hatukuacha bati wazi. Alodini (dawa ya kukinga alumini isiliwe na kutu) na praima ya epoksi (rangi ya chini) zilifuata papo hapo. Imebaki rangi yenyewe, halafu eileroni (vipande vinavyochezacheza nyuma ya mabawa) na usukani wa mkia vipimwe mizani upya kabla ndege haijaruka.